Kijito, Shamba na Uhuru: Historia ya Mabonde ya Pemba na Swali Lake kwa Kanisa

Utangulizi

Historia ya visiwa vya Zanzibar imezoeleka kuandikwa kutoka baharini. Mwandishi husimama pwani, akahesabu majahazi yaingiayo na yatokayo, akawataja masultani, makonseli na wafanyabiashara, kisha akafunga kitabu. Historia ya namna hiyo ina manufaa yake, wala hatuna sababu ya kuidharau. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa: haituambii waliokuwa katika majahazi hayo walikula nini, wala ni mikono ya nani iliyokipanda chakula hicho.

Makala haya yanakusudia kuitazama historia ya Pemba kutoka upande wa pili, yaani kutoka kwenye kijito kidogo cha bondeni na vijiji vilivyokizunguka. Nitajaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba maisha ya Wapemba kwa zaidi ya miaka elfu yamefungamana na vijito hivyo kuliko na bandari zao. Pili, kwamba swali la nani atumie bonde na nani apande mti juu ya kilima ndilo lililoamua kama watumwa walioachwa huru mwaka 1897 walikuwa huru kweli au la. Swali hilo la pili linatuhusu sana sisi tunaofundisha historia ya Kanisa, kwa sababu misheni zilifika Pemba mwaka huo huo, na zilifika zikiwa na mashamba.

1. Nchi ya vijito

Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilomita zipatazo 67, na eneo lake halifiki kilomita za mraba 1,000. Mkondo wenye kina kirefu umekitenga na bara. Waarabu wa kale walikiita Al-Jazira al-Khadra, maana yake kisiwa cha kijani, na jina hilo linastahili. Mvua za masika na za vuli ni nyingi kuliko za Unguja, na kwa mwaka huzidi milimita 1,500.

Sura ya nchi yenyewe imegawanyika. Upande wa mashariki kuna ardhi tambarare ya mawe ya matumbawe, ambako udongo ni haba na maji hupotea chini upesi. Upande wa magharibi na katikati kuna vilima vingi vidogo vyenye udongo wa kina. Hakuna kilima kifikacho mita 150, lakini kimefuatana kimoja na kingine bila kupumzika, na kati ya kila viwili kuna bonde. Katika kila bonde, au karibu katika kila bonde, kuna kijito.

Kijito cha Pemba hakina safari ndefu. Huanzia kwenye chemchemi ubavuni mwa kilima, kikashuka hadi bondeni, kikaenea na kulowesha udongo mweusi, kisha kikajikusanya tena na kuingia katika hori ya bahari iliyozungukwa na mikoko. Mtu aliye mzima wa miguu huweza kukifuata tangu mwanzo hadi mwisho kabla jua halijawa kali. Hata hivyo, katika mwendo huo mfupi atakuwa amepita karibu shughuli zote za kijiji. Juu watu huteka maji ya kunywa. Chini kidogo hufua na kuoga. Bondeni kuna majaruba ya mpunga, ambayo kwa sehemu kubwa hulimwa na wanawake. Mwishoni, maji matamu yanapokutana na ya chumvi, wanawake hufukia makumbi ya nazi katika matope ili baadaye wayapige na kusokota kamba. Nyumba hazijengwi bondeni. Hukaa juu, mbalimbali, kati ya minazi, migomba na mikarafuu. Kwa hiyo kijiji cha Kipemba hakina kitovu chake sokoni wala barabarani. Kitovu chake ni lile bonde ambalo nyumba zote zinalitazama.

2. Kutoka uwele hadi mpunga

Uchimbuzi wa mambo ya kale uliofanywa kaskazini mwa Pemba tangu miaka ya 1980 umetupa habari ambazo vitabu vya zamani havikuwa nazo. Huko Tumbe palikuwa na kijiji kikubwa kati ya karne ya 7 na ya 10 baada ya Kristo. Karibu yake, huko Chwaka, uliinuka mji wenye misikiti ya mawe uliodumu tangu karibu karne ya 11 hadi ya 16. Wataalamu walizichunguza punje zilizoungua katika majivu ya majiko ya kale, wakagundua badiliko kubwa. Watu wa zama za Tumbe walikula zaidi uwele, nafaka ya Kiafrika istahimiliyo ukavu. Watu wa zama za Chwaka walikuwa wamegeukia mpunga, ambao asili yake ni Asia.

Jambo hili si dogo. Uwele waweza kulimwa juu ya kilima na familia moja, bila kumwuliza jirani. Mpunga wa bondeni hauna uhuru huo. Jaruba la juu likizuia maji, la chini hukauka. La chini likiziba njia, la juu hufurika. Hivyo kuchagua mpunga kulikuwa pia kuchagua namna ya kuishi pamoja: kupatana juu ya mipaka, kusafisha njia ya maji kwa zamu, na kuwa na wazee wa kuamua magomvi. Kabla ya kuwako sheria ya sultani yeyote katika Pemba, ilikuwako tayari sheria ya kijito.

Katika karne hizo hizo Pemba ilijulikana mbali. Msafiri al-Mas'udi alifika mwanzoni mwa karne ya 10 katika kisiwa alichokiita Qanbalu, ambacho wengi wanadhani ni Pemba. Yaqut, aliyeandika katika karne ya 13, anaitaja miji miwili ya kisiwa hiki, na mmoja wake hutambuliwa kuwa ni Mtambwe. Hapo Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha na chache za dhahabu. Lakini sarafu haziliwi. Mji wa wafanyabiashara penye ncha ya rasi ulihitaji bonde nyuma yake, na watu wa kulilima.

3. Kisima chenye ukuta

Kusini-mashariki mwa Chake Chake, huko Pujini, kuna magofu ya ngome ambayo wenyeji huihusisha na mtawala aitwaye Mkama Ndume. Ngome hiyo ni ya karne ya 15 na ya 16. Ilizungukwa na boma la udongo na handaki, na palikuwa na mfereji wa kuunganisha mahali hapo na bahari kupitia katika mikoko. Masimulizi humkumbuka Mkama Ndume kuwa mtu mkali, aliyewafanyisha watu kazi ngumu ya kubeba mawe.

Simulizi moja lastahili kuangaliwa hapa. Yasemwa kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana, naye akajenga ukuta kukigawa kisima kimoja, ili kila mke ateke upande wake bila kumwona mwenzake. Mwanahistoria hawezi kuthibitisha ugomvi wa wake hao. Lakini si lazima simulizi lithibitishwe ndipo lifundishe kitu. Watu walioishi kwa kugawana maji ya kijito waliutazama ukuta ndani ya kisima, nao wakauona kuwa ni jambo la kusimulia vizazi na vizazi. Maji chini ya ukuta yalikuwa yale yale. Kilichogawanywa ni watu.

4. Mpunga wa Mombasa na karafuu za Unguja

Tangu karne ya 16 wageni walianza kuutaka mpunga wa mabonde ya Pemba kwa nguvu. Wareno walijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa tangu mwaka 1593, na ngome haiwezi kukaa bila chakula. Pemba ikawa ghala yake. Walipoondoka Wareno, Mazrui wa Mombasa waliitawala Pemba kwa muda mrefu katika karne ya 18, nao vilevile waliitegemea kwa chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1820 utawala huo ulikomeshwa na majeshi ya Seyyid Said wa Oman, na baadhi ya wakubwa wa Pemba wenyewe walimwunga mkono. Mombasa ilipoipoteza Pemba, ilipoteza jungu lake.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi halikuletwa na bendera bali na mti. Mkarafuu uliletwa Unguja mapema katika karne ya 19, ukaenea Pemba baadaye. Mkarafuu hauoti bondeni. Hupenda ubavu wa kilima wenye udongo wa kina, yaani pale pale juu ya kijito. Huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, lakini ukisha kuzaa hudumu kwa miaka mingi. Kwa hiyo yule apandaye mkarafuu hajipandii tu zao; anajiwekea alama katika ardhi. Katika desturi za visiwa hivi mti waweza kuwa na mwenyewe hata kama ardhi ina mwingine, na aliye na miti ndiye mwenye sauti.

Mwezi wa Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika. Bei ikapanda, na wenye mashamba wakaelekeza macho Pemba. Mikarafuu ikapandwa juu ya vilima kimoja baada ya kingine, na watumwa wakaletwa kuipalilia na kuichuma. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba kati ya Seyyid Barghash na Uingereza, ila biashara yenyewe haikufa. Ilijificha. Hori zile zile ambamo vijito vya Pemba humalizikia, zenye mikoko mizito na njia nyembamba, zikawa mahali pa kushushia watu usiku. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipojaribu kulikagua jahazi lililochukua watumwa.

Ni vema tukumbuke pia kwamba Pemba haikuwa sawa na Unguja. Huku Waarabu na wenyeji waliishi kwa kuchanganyika zaidi, na Wapemba wengi walikuwa na mikarafuu yao wenyewe. Ukweli huu hauondoi uovu wa utumwa. Unatuonya tu tusiigawe historia kwa urahisi kati ya wageni wenye hatia na wenyeji wasio nayo.

5. Sheria ya 1897 na neno makao

Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890. Mwezi wa Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria. Katika masomo yetu ya historia tarehe hiyo hutajwa kwa haki kama siku ya furaha. Lakini yafaa kuisoma amri hiyo hadi mwisho.

Amri haikumwachilia kila mtumwa siku ile. Ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani kudai uhuru wake, naye mwenye mtumwa aliweza kupewa fidia. Masuria waliachwa nje ya utaratibu huo, na hawakufunguliwa njia hadi mwaka 1909. Zaidi ya hayo, mtu aliyekwisha kutambuliwa kuwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makao ya kudumu na njia ya kujipatia riziki. Asipoweza, angehesabiwa kuwa mzururaji. Na kama makao yake yalikuwa katika ardhi ya mtu mwingine, sharti amlipe mwenye ardhi kodi, nayo iliweza kulipwa kwa kazi au kwa mazao.

Hapo ndipo kijito kinaporudi katika historia. Mtumwa aliyeletwa kutoka bara hakuwa na ukoo Pemba, na asiye na ukoo hakuwa na jaruba bondeni. Mahakama ilimpa mwili wake, lakini haikumpa mahali pa kuuweka mwili huo. Alikwenda kuyatafuta makao kwa nani? Mara nyingi kwa yule yule aliyekuwa bwana wake. Alikaa shambani, akaruhusiwa kulima muhogo na mazao mengine ya msimu chini ya mikarafuu au pembeni mwa bonde, naye kwa malipo akapalilia shamba. Jambo moja hakuruhusiwa kwa kawaida: kupanda mti wa kudumu. Sababu tumekwisha kuiona. Muhogo hung'olewa, mpunga huvunwa, na mkulima akaweza kuambiwa ahame. Mti hubaki na kushuhudia.

Serikali nayo ilikuwa na sababu ya kutaka wafanyakazi wasitawanyike. Mapato yake yalitegemea ushuru wa karafuu, uliokuwa robo nzima ya zao. Hivyo ile amri ilivuta pande mbili: ilitaka watu wawe huru, na ilitaka karafuu zichumwe kama jana.

6. Banani: misheni yenye shamba

Mwaka huo huo wa 1897 Marafiki wa Uingereza, waitwao pia Wakweka, walianzisha kazi Pemba. Henry Stanley Newman alizuru kisiwa, na Theodore Burtt akawa kiongozi wa kazi kwa miaka mingi. Walinunua shamba la mikarafuu huko Banani, kando ya hori ya Chake Chake, wakalifanya kuwa makao ya watu walioachwa huru. Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, nayo ilifanya kazi upande wa Wete katika miaka hiyo. Marafiki hawakunyamaza juu ya udhaifu wa amri ya 1897. Waliandika na kulalamika Uingereza kwamba watumwa wengi bado hawajapata haki yao. Sifa hii wanastahili kupewa.

Lakini hatuna budi kuuliza swali la pili. Banani ilikuwa misheni, na ilikuwa shamba. Aliyefika pale alipata makao, ambayo sheria ilimtaka awe nayo. Alipata kazi yenye ujira, mafundisho, na ulinzi dhidi ya bwana wake wa zamani. Wakati huo huo alikaa katika ardhi ya wengine, chini ya kanuni zilizotungwa na wengine, akichuma karafuu za miti ambayo haikuwa yake. Mwenye shamba alikuwa amebadilika, tena alikuwa mwema kuliko wa kwanza. Mpango wenyewe wa ardhi na miti haukubadilika sana.

Labda hii yasaidia kueleza kwa nini waliokwenda misheni walikuwa wachache ukilinganisha na waliobaki vijijini. Wahubiri wamezoea kueleza jambo hili kwa neno moja, Uislamu, kana kwamba dini peke yake iliwazuia. Dini ilikuwa na uzito wake. Lakini kijijini mtu aliyeachwa huru aliweza, polepole, kuoa, kupata wajukuu wenye ukoo, kuswali pamoja na majirani, na hatimaye kusimama bondeni akiwa mmoja wa watu wa pale. Kijiji kilimpa njia ndefu ya kuwa mwenyeji. Misheni ilimpa mlango wa haraka wa kuwa mpangaji. Tusishangae kwamba wengi walichagua njia ndefu.

Wala tusidhani kwamba habari hii ni ya Marafiki peke yao. Mkataba wa Julai 1890, ambao kwa huo Ujerumani ilikubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar na Pemba, ulizidi kuzielekeza misheni za Kijerumani bara. Huko nako zilikutana na swali hilo hilo. Misioni iliyokuja baadaye kuitwa ya Bethel ilifungua kituo cha Kisarawe mwaka 1892, nacho kikapokea watu waliokombolewa utumwani. Lutindi huko Usambara ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, kabla haijawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa hiyo Kilutheri cha Tanzania nacho kina Banani zake.

7. Baada ya 1964, na maji ya chumvi

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliligusa swali hili kwa mkono mzito. Ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na mashamba makubwa yakagawanywa kwa wananchi eka tatu tatu. Wengi ambao babu zao walikatazwa kupanda mti walipewa miti. Lakini Pemba, ambako wenyeji wengi walikuwa na mikarafuu yao, haikuyapokea mabadiliko hayo kama Unguja, na mwanzoni mwa miaka ya 1970, chakula cha kuagizwa kilipoadimika, watu wengi walionja njaa. Bonde likawa tena tegemeo, kama lilivyokuwa zamani.

Leo bonde lenyewe liko hatarini. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 406,848 katika mikoa miwili ya Pemba. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 543,441. Vilima vinajengwa, miti ya juu ya chemchemi inakatwa, na mikoko iliyokinga midomo ya vijito imepungua mahali pengi. Katika vijiji kadhaa maji ya bahari yamepanda yakaingia katika majaruba, na udongo uliolisha watu kwa vizazi umegeuka chumvi. Wako wanavijiji wanaopanda mikoko upya na kujenga matuta ya kuzuia bahari. Kazi yao hufanyika kwa zamu na kwa mapatano, kwa sheria ile ile ya kale ya kijito.

Hitimisho

Katika Mwanzo sura ya 26 twasoma kwamba watumishi wa Isaka walichimba bondeni wakapata maji, na wachungaji wa Gerari wakawagombania. Isaka alikiita kisima cha kwanza Eseki na cha pili Sitna, majina ya ugomvi na uadui. Cha tatu, ambacho hakikugombaniwa, alikiita Rehobothi, kwa kuwa sasa palikuwa na nafasi. Mwandishi wa Mwanzo alijua kwamba maji bila nafasi hayatoshi. Ndivyo historia ya Pemba inavyotufundisha juu ya uhuru: uhuru bila nafasi ya kupanda mti hautoshi.

Kwa ajili hiyo napendekeza kwamba tunapofundisha historia ya misheni, katika vyuo na katika sharika, tuulize kila mara maswali matatu. Ardhi ilikuwa ya nani? Maji yaligawanywaje? Nani aliruhusiwa kupanda mti? Maswali haya hayakusudii kuwavunjia heshima waliotutangulia, ambao wengi walifanya kazi kwa taabu na upendo. Yanakusudia kutuzuia tusiite ukombozi kile ambacho kilikuwa nusu yake tu.

Na kwa kuwa sharika zetu nyingi bado zina mashamba, zina wapangaji, na mahali pengine zina chemchemi ndani ya mipaka yao, maswali hayo hayaishii mwaka 1897. Mchungaji apelekwaye kwenye mtaa wa namna hiyo yampasa kuanza kazi yake kwa kukifuata kijito, tangu chemchemi hadi bahari, na kuwauliza walio chini kama maji yanawafikia.